Tupeane uzoefu: rangi ya gari kugoma kufanana baada ya kuziba mikwaruzo

Wakuu, namba ya rangi ni sahihi, duka limechanganya, fundi amepuliza. Gari likitoka kivulini, mlango unaonekana kiraka toka mbali. Wenye kazi yao, kosa huwa wapi? Nondo zenye vipimo tafadhali.

DukaLaRangi
Namba ni mwanzo tu, mkuu. Kwenye Toyota tafuta kibati chenye maandishi C/TR, kwenye nguzo ya mlango au ukuta wa injini. Kabla ya mkwaju (/) ni rangi ya bodi, baada yake ni ya ndani. 040 ni nyeupe ya kawaida, 070 ni nyeupe ya lulu. Kwa Nissan vivyo hivyo: QM1 ya kawaida, QX1 ya lulu. Mteja akisema "nyeupe" tu, hapo msiba umeshaanza.

Namba moja huwa na vivuli kadhaa toka kiwandani, na jua nalo linapausha. Kwa hiyo fungua kifuniko cha tundu la mafuta, njoo nacho dukani. Kipige polishi kwanza, maana ule weupe wa chokaa juu ya rangi iliyochoka unadanganya jicho. Hakikisha pia hakijawahi kupakwa upya; magari mengi yamepita mikononi mwa mafundi watatu.

Msasa400
Kabla ya yote, pitisha kucha. Isiponasa, mkwaruzo uko kwenye klia tu (ile tabaka ya juu isiyo na rangi): msasa wa maji namba 2000, kisha kompaundi, umemaliza. Ikinasa na ukaona bati, ndipo puti ya kujazia (msasa 80 kuipa umbo, 180 kulainisha), praima (rangi ya msingi), halafu msasa 500 au 600 kwa rangi ya metaliki. Ukiishia 320, mistari itachungulia wiki ya pili rangi ikishakaa.

Bunduki1.3
Hakuna aliyetaja kadi ya majaribio, na ndiyo dawa yenyewe. Chukua kipande cha bati, kipige praima ile ile, bunduki ile ile, presha ile ile, mikono ile ile (yaani idadi ya kupitisha rangi), kisha KLIA. Rangi isiyo na klia haina ukweli. Ikikauka ipeleke juani, iweke juu ya paneli, itazame uso kwa uso halafu kwa pembeni. Taa ya tyubu ya gereji isikuamulie, kuna rangi zinapatana chini ya taa na kugombana juani.

Kwa metaliki, mkono wa fundi unabadilisha rangi kuliko duka. Ukipuliza maji maji, vichembe vya alumini vinazama na kusimama ovyo: rangi inakuwa nzito. Ukipuliza kavu vinalala bapa: inang'aa zaidi. Mdomo wa bunduki wa milimita 1.3, presha bar 2, umbali wa sentimita 15 hadi 20, mikono miwili ya kufunika, dakika 5 hadi 10 katikati. Wa mwisho uwe mwepesi, umbali wa sentimita 25 hadi 30, kuondoa mawingu (mabaka ya metaliki). Kwa hiyo kabla ya kurudisha rangi dukani kwamba "imekolea", jaribu kupuliza kavu zaidi kwenye kadi nyingine.

@DukaLaRangi, waambie wachanganye yote mara moja. Nusu lita iliyokwisha kutiwa tina (kiyeyusho) inatosha mlango na pembeni yake. Kopo la pili la kuongezea ndilo huleta ugomvi.

DukaLaRangi
Kweli kabisa. Na mizani isome hadi gramu 0.1, tone moja la nyeusi kwenye silva linaonekana.

Msasa400
Hata kadi ikifanana, usikate rangi kwenye mstari wa mlango. Fenda ya jirani isuguliwe 1000, rangi iingie juu yake sentimita 20 hadi 30 ikififia, halafu klia ifunike fenda nzima hadi ukingoni. Klia iliyokatwa katikati ya paneli itaanza kubanduka pale pale. Klia za 2:1, yaani mililita 200 kwa 100 za hadena (dawa ya kuigandisha), piga mikono miwili. Na kitambaa puani hakizuii mvuke wa hadena. Vaa barakoa ya vichujio vya mvuke.

Kijana_wa_Bodi
Na 070 je?

Bunduki1.3
Hiyo ni hatua tatu: nyeupe ya chini, lulu, klia. Tengeneza kadi nne, lulu mkono mmoja, miwili, mitatu, minne. Linganisha, kisha rudia idadi iliyopatana. Ukikisia inageuka njano.

Msasa400
Mkija pwani wakati wa unyevu, rangi za NC (nitroselulosi) na tina ya haraka zinaota ukungu mweupe. Tumia tina ya polepole, toa maji kwenye tenki la kompresa kila asubuhi. Vishimo vya macho ya samaki ni silikoni ya polishi: safisha kwa dawa ya kuondoa nta KABLA ya msasa, ukisugua kwanza unaipandikiza.

Kijana_wa_Bodi
Bampa kutofanana kidogo na fenda hata kwenye gari lisilowahi kuguswa, ni kawaida?

DukaLaRangi
Kawaida. Nyingi hupakwa mbali na bodi. Linganisha mlango na fenda, bampa usilifanye kipimo.