Mjadala: Waigizaji wakongwe wapewe pensheni ya taifa?

Abiria wa Kamanga: Wakuu, mwangaluka. Jana kibanda umiza cha Mabatini waliweka ile picha ya Kihindi ya 2024. Alipotokea Amitabh Bachchan na ndevu zake nyeupe, benchi zima likapiga kelele: "Mzee huyooo!" Kazaliwa 1942. Mwaka 1982 aliumia tumboni wakiigiza kupigana, nusura afe, India nzima ikamwombea. Na bado yupo kazini! Sisi King Majuto tulimkumbuka akiwa kitandani. Akapelekwa India, akarudi, Agosti 2018 tukamzika. Msanii aliyetuchekesha miaka yote hiyo apewe pensheni, ndiyo au hapana?

Mtoto wa Nyegezi: Hapana. Kudumu siyo kazi, hata Jiwe la Bismarck pale ziwani Mwanza limedumu. Bachchan analipwa na soko lake, siyo na kodi yangu. Na tusidanganyane, waigizaji wetu wengi ni mapanki ya sangara tu: kichwa na mfupa, minofu hakuna.

Mama wa Mwaloni: Wewe mtoto, sema sinema, mapanki niachie. Yamenisomeshea watatu.

Mwalimu Igoma: Tukienda kwa miaka, Kanumba tunamweka wapi? Kafariki 2012 ana miaka 28. Mtoto wetu wa Mwanza yule, na kazi yake Wanaijeria waliijua.

Mnyantuzu Mpole: Wa Shinyanga! Kila kizuri cha Kanda ya Ziwa mnakibeba nyie.

Mwalimu Igoma: Shinyanga, Mwanza, kote usukumani. Hoja yangu iko palepale.

Mnyantuzu Mpole: Hoja gani iliyoanza na wizi? 😂

Babu Pasiansi: Vijana, pensheni mnaililia bure. Mwigizaji anasaini karatasi moja, analipwa mara moja, kazi yake inauzwa mpaka meno yanamtoka. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999. Mrabaha wake, yaani fungu lake la mauzo, ukimfikia kila mwezi, nani atapitisha kofia mchekeshaji kama Mzee Small akiugua? Tulimpoteza 2014 hivihivi tunaangalia.

Mtoto wa Nyegezi: Mama, shikamoo. Sikukutukana. Lakini mapanki ni mabaki ya kiwandani, ile filamu ya Mzungu ya 2004, Darwin's Nightmare, iliyopigwa hapahapa Mwanza ilionyesha dunia nzima.

Mama wa Mwaloni: Marahaba. Ile iliyomkera Kikwete mpaka akaisema hadharani 2006? Ilionyesha funza. Mbona haikuonyesha sufuria yangu? Kichwa cha sangara nakipasua kati, natoa matamvua, naosha maji matatu, chumvi, ndimu, halafu mafuta ya moto mpaka ngozi ya shavu inajikunja. Mule shavuni kuna nyama ambayo wewe na minofu yako hujaionja. Minofu yenyewe inapanda ndege, hata huioni.

Mwalimu Igoma: Mama kasema kweli, ila funza walikuwepo. Nilikuwa naishi jirani, harufu naijua.

Mama wa Mwaloni: Mwalimu, wewe ulikuwa unanunua kwangu kwa mkopo. Nifungue daftari?

Mnyantuzu Mpole: Fungua mama, fungua!

Mtoto wa Nyegezi: Halafu wale walioonekana kwenye filamu ile walilipwa na nani? Nao si waigizaji? Nao tuwape pensheni?

Babu Pasiansi: Wale hawakuigiza, yalikuwa maisha yao. Nimeuliza kuhusu mrabaha, hakuna aliyenijibu.

Mwalimu Igoma: Babu, subiri kwanza. Mama, deni lile nililipa Desemba.

Mama wa Mwaloni: Ulilipa nusu.

Abiria wa Kamanga: Jamani, mimi niliuliza habari ya waigizaji.

Mama wa Mwaloni: Nakuona, mwanangu. Majuto nilimpenda, alinichekesha nikiwa na shida zangu. Apewe.

Abiria wa Kamanga: Wabeja, mama. Na hivyo vichwa, kesho vipo?

Mama wa Mwaloni: Wahi kabla ya saa tatu. Mwalimu asije.