Maumivu makali wakati wa tendo la ndoa, vipimo vyote safi. Tatizo linatokana na nini?

BintiKorogwe:
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana nimechoka kulia. Nina miaka 27, nimeolewa mwaka jana, na tangu siku ya kwanza tendo ni mateso. Mume akisogea tu mapaja yanabana yenyewe, akijaribu njia haipitiki, akiendelea naungua pale mlangoni mpaka namsukuma. Mume wangu mpole, nampenda na hamu ninayo, sio kwamba simtaki jamani. Nimepima UTI, PID (maambukizi ya kizazi), nimepiga ultrasaundi, kote safi, dokta akasema nitulie nitazoea. Sasa mama mkwe anasema nina jini mahaba. Hii kitu inasababishwa na nini haswa?

Abuu Swabra:
Dada usipuuze mambo ya majini, tafuta shehe akusomee ruqya. Vipimo vikiwa safi na maumivu yapo ujue kuna kitu.

NesiZamu:
Pole sana mdogo wangu. Kaka Abuu, dua aombe, ila vipimo alivyofanya vinatafuta wadudu na uvimbe, haviwezi kuonyesha misuli inavyobana. Anachoeleza kinafanana sana na vajinismasi. Misuli inayozunguka mlango wa uke inajikaza bila mwenyewe kutaka, vile jicho linavyojifumba kidole kikilikaribia. Mwili ukishaumia mara moja unaanza kujikaza mapema kujikinga, kule kujikaza ndio kunaumiza zaidi, na woga unaongezeka. Kwa hiyo hilo neno la "utazoea" lina madhara, ukilazimisha unaufundisha mwili kuogopa. BintiKorogwe, umewahi kuweza kuingiza chochote, hata kidole? Na ulilelewaje kuhusu haya mambo?

MamaMapacha:
Mi yangu ilinianza baada ya kujifungua, kabla ya hapo nilikua sawa kabisa. Niliongezewa njia, kovu likawa linavuta, halafu nilikua nanyonyesha na kumbe ukinyonyesha homoni ya estrojeni inashuka uke unakauka. Wifi akaniletea shabu eti nirudi kama msichana, nikachubuka, maumivu yakawa mara mbili. Nawaomba dada zangu hizo shabu, ugoro na sabuni za kuoshea ndani muachane nazo.

BintiKorogwe:
Asanteni sana. NesiZamu, sijawahi, hata kidole siwezi. Nimelelewa na bibi, nilipovunja ungo niliambiwa mwanaume akinigusa nitachanika nitoke damu mpaka nife. Unyago wa harusi nao somo akasisitiza vumilia tu, mwanamke halalamiki. Alafu tangu nifundwe nanawa ndani kwa sabuni asubuhi na jioni.

Tabibu wa Nyonga:
Basi hapo kuna zaidi ya sababu moja, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Woga uliopandwa utotoni, sabuni inayochubua, misuli iliyozoea kubana, vyote vinashikana. Wengine waliwahi kubakwa au kudhalilishwa na mwili haujasahau. Dada zetu wa Manyara, Dodoma au Mara waliokeketwa wanaweza kuwa na kovu lililoziba au mishipa ya fahamu iliyoumia. Wengine ni fangasi za kujirudia, au ukavu wa kukoma hedhi.

Angalia pia maumivu yako wapi. Yakiwa mlangoni kama yako, daktari anachukua pamba ya kwenye kijiti, anagusa taratibu sehemu moja moja kuzunguka mlango wa uke huku unamwambia wapi panaungua. Yakiwa ndani kabisa, hasa kama hedhi nayo inakulaza kitandani, tunafikiria endometriosisi, yaani nyama kama zile za ndani ya mji wa mimba kuota nje yake, na hiyo ultrasaundi inaweza isiione kabisa. Tangu 2013 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani unaweka maumivu na kubana kwenye kundi moja, kwasababu kuvitenganisha ni shida.

NesiZamu:
Achana na sabuni kuanzia leo, maji yanatosha na ni kwa nje tu. Msijaribu kuingiliana kwanza, mume apumzike nawe upumzike, mapenzi mengine yaendelee. Nenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, mweleze kama ulivyoandika hapa, hadi maneno ya bibi, na una haki ya kumwambia asimame ukiumia. Muulize kuhusu fiziotherapi ya misuli ya nyonga, wanafundisha kupumua na kulegeza, kisha vijiti laini maalum, unaanza na chembamba kabisa, unaingiza mwenyewe. Mshauri nasaha pia. Mume aje, asikie kwa daktari kwamba humkatai.

BintiKorogwe:
Nimemsomesha huu uzi wote. Amesema Jumatatu anaomba ruhusa kazini twende wote.