Kati ya chipukizi hawa watatu, nani atatufaa zaidi msimu huu?

Shabiki_Mtongwe

Wanabaraza, salaam.

Kijiweni petu Mtongwe tuna mchezo wetu wa kila mwaka. Ligi ikikaribia, kila mtu ataja chipukizi mmoja wa timu yetu, yaani mchezaji ambaye hajagusa ligi kuu hata dakika moja. Mwisho wa msimu twahesabu: bao alama tatu, pasi ya bao mbili, na beki au kipa akimaliza mechi bila timu kufungwa naye apata mbili. Wanaoshindwa wachanga biriani ya mshindi na watu wa nyumbani kwake. Kuna fundi wa boti hutufilisi kila mara, na mwenyewe mpira hautazami hivyo. Aulizauliza maswali, akuna kidevu, kisha ataja jina. Linaniuma.

Timu sitaitaja, wa Mombasa mshaijua. Wapya ni watatu.

Kuna winga wa kulia, miaka 18, kapandishwa kutoka timu ya vijana. Nilimwona kwenye fainali moja pale Serani, akamlamba chenga beki, akamngoja ainuke, akamlamba tena. Watu walivua kofia.

Kuna mshambuliaji aliyesajiliwa kutoka daraja la chini huko bara. Mrefu, ana mwili, wasema kafunga sana. Huyu wamemlipia pesa.

Na kuna beki wa kulia, mfupi, hana maneno. Nimemtazama mechi nzima ya kirafiki na nilipotoka sikuweza kukumbuka alichofanya.

Moyo wangu uko kwa winga. Nitoeni huko au nithibitishieni. Mwisho wa kutaja ni Ijumaa baada ya swala.

Kahawa_Chungu

Winga. Mjadala umekwisha, kalale.

Ami_wa_Jezi

Mwanangu, mimi nilikuwa mtunza vifaa. Nimefua na kukunja jezi za timu za hapa pwani mpaka mikono ikazoea kunuka sabuni. Mtunza vifaa haulizwi maoni na mtu, ila hakuna kinachompita.

Wewe wauliza nani hodari. Uliza nani atacheza. Ligi ya timu 18 ni mechi 34, na mechi 34 ni dakika 3,060. Kijana wa kawaida aliyepewa dakika 2,000 atakuletea alama kuliko fundi wa mpira aliyepewa 300, kwa sababu yule wa 300 huingizwa dakika ya 80 timu iko nyuma, mabeki wamepiga kambi langoni, na wenzake wapiga mipira ya juu tu. Siku hizi wabadilishwa watano, kwa hivyo vijana waonekana zaidi kuliko enzi zetu. Kuonekana na kucheza ni mambo mawili.

Basi anza na walioondoka. Beki wa kulia wa msimu uliopita yuko wapi? Kama nasikia sawa, kaenda zake na hakusajiliwa mwengine mzoefu. Winga wa kulia aliyepo je? Yule hakosi mechi ila akiwa na kadi. Huyo mtoto wako wa Serani atakaa nyuma yake akila njugu.

Halafu nikupe siri ya bure. Usiende kutazama mechi za kirafiki, huko kocha ajaribu kila mtu ili asilaumiwe. Nenda mazoezini Alhamisi, mechi ikiwa Jumamosi au Jumapili. Jumanne ni mbio na mazoezi ya mwili, hutaona kitu. Alhamisi wagawanywa kumi na moja kwa kumi na moja, na mimi ndiye niliyekuwa nagawa vizibao, zile fulana za rangi za kutenganisha vikosi viwili. Kocha mmoja alikuwa na tabia ya kuniita kando katikati ya zoezi, aninong'onezee majina mawili: huyu na huyu wabadilishane. Naenda nakivua kizibao cha yule bado kimelowa jasho, namvisha mwengine hivyo hivyo kikiwa kibichi. Aliyevuliwa huinama kufunga kamba za viatu, na kamba zenyewe zimefungwa. Hapo kocha hajatangaza lolote, magazeti hayajui, wachezaji wenyewe wajifanya hawajui. Mimi nishajua nani nimpasie jezi ya kwanza Jumamosi.

Baada ya hapo wafanya kona. Tazama kijana awekwa wapi. Akiachwa nusu ya uwanja kulinda, au apewe mtu wa kumkaba ambaye ni hatari, kocha ashamuamini. Akiwa asimama kando anywa maji, jua bado.

Na hili la kufunga sana daraja la chini, uliza kafungaje. Penalti ngapi? Mipira ya kukimbilia nyuma ya mabeki ngapi? Huku juu mabeki hawaachi ule uwazi.

Michael Olunga mwamjua. Alipita Tusker, akapita Thika United, nchi haikutikisika. 2015 akaenda Gor Mahia akafunga mabao 19 ya ligi, timu ikachukua ubingwa bila kupoteza hata mechi moja. Baadaye 2020 akiwa Kashiwa Reysol ya Japani akafunga 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi ile. Miguu ni ile ile. Kama kijiwe chenu kingemtaja akiwa Tusker, mngemlisha mtu biriani bure.

Kahawa_Chungu

Ami umeandika hotuba ya Idi. Lakini hiyo ya vizibao nimeipenda.

Mlinzi_wa_Usiku

Mimi nalinda yadi ya makontena huku Miritini, zamu ya usiku. Saa tisa na nusu usiku kitu pekee kilicho hai kwenye simu ni mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wa mviringo uliochongoka. Nimeuzoea mpaka naupenda. Wale wana wakaguzi, mizani, saa za kupima mbio, video za kila kitu, na kila mwaka timu 32 zachagua vijana kwa zamu, raundi saba. Bado wapotea njia.

2022 mchezaji wa mwisho kabisa kuchaguliwa, wa 262, alikuwa Brock Purdy, na San Francisco walimchukua kama mtu anayezoa makombo. Mbele yake kwenye nafasi ya mrusha mpira kulikuwa na wawili. Mmoja, Trey Lance, alikuwa amechaguliwa wa tatu mwaka mmoja kabla. Wote wawili wakaumia msimu huo huo. Purdy akaingia, na msimu uliofuata akaifikisha timu fainali ya Super Bowl.

2023 mwengine, Puka Nacua wa Los Angeles Rams, alichaguliwa wa 177. Mdakaji wao mkubwa wa mipira, Cooper Kupp, alianza msimu akiwa majeruhi. Kijana akapata nafasi, akadaka mipira 105 iliyoisogeza timu yadi 1,486, rekodi zote mbili kwa mgeni wa ligi wakati ule. Kupp aliporudi, mtoto hakutoka tena. Kwa hivyo namuunga mkono Ami.

Lakini niongeze kitu ambacho Ami hakukigusa. Kule aliyechaguliwa mapema husubiriwa. Akikosea leo, kesho apangwa tena, kwa sababu aliyemchagua hataki kuonekana kachagua vibaya. Wa raundi ya saba akikosea mara moja, afungasha. Sasa huyo mshambuliaji wenu kalipiwa pesa. Kuna mkubwa fulani kaitia saini hiyo hundi. Mkubwa huyo atamwita kocha chai.

Na Mkenya mwenzetu Daniel Adongo, mcheza raga, Indianapolis Colts walimchukua 2013 bila kuwahi kuucheza mchezo ule chuoni wala popote. Mwili ulikuwa wa kuogopesha, kasi ipo. Alicheza mechi chache, na kufikia 2015 akawa ameachwa. Mwili wakufikisha mlangoni, mchezo wenyewe una lugha yake na wenzako wameizungumza toka utotoni.

Mwalimu_Tononoka

Nafundisha watoto jioni, na hili la mwili limenigusa pabaya. Kila mwaka nina mmoja aliyewatangulia wenzake kukua, awapiga kumbo, afunga mabao manne, wazazi wampigia simu nani sijui Ulaya. Akifika miaka 19 wenzake nao wamekua, na yeye hakuwahi kujifunza kupokea mpira akiwa amegeuka nusu, kwa sababu hakuhitaji. Mtazameni mshambuliaji huyo akipokea huku beki kamganda mgongoni. Kama chombo chake ni kifua peke yake, ligi kuu itamla.

Tena atoka bara. Januari mpaka Machi hapa, saa tisa alasiri, joto na unyevu wa bahari, nimeona wageni wakishika magoti dakika ya 55. Na Ramadhani ikiangukia katikati ya msimu, atakayefunga saumu kwa mara ya kwanza akiwa mchezaji wa kulipwa apimwe kwa jicho la huruma. Upande wa pili, hawa wa kwetu wakipanda Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, mpira wapaa haraka kuliko walivyozoea. Beki mchanga wa pwani huruka kupiga kichwa, mpira ushampita.

Winga nimewahi kumwona. Chenga ni za kweli. Ila akipokonywa mpira huinua mikono kumlalamikia refa, na sekunde hizo tano ndizo beki wa kushoto wa upinzani apandia. Kocha akivumilia hilo, basi nitashangaa.

Shabiki_Mtongwe

Mwaniumiza kwa kweli. Ila nina pingamizi. Beki wa kulia apata wapi alama? Mechi bila kufungwa timu yetu huzipata kwa kuombea. Na Ami, kuingia mazoezini si rahisi, getini huulizwa watafuta nani.

Ami_wa_Jezi

Getini sema waja kumwona Ami wa jezi, hata kama nimestaafu. Bado wanijua. Beba maji ya chupa umpe askari.

Kuhusu alama, mabeki wa pembeni wa siku hizi ndio wapiga krosi. Trent Alexander-Arnold, enzi zake Liverpool, alikuwa kiungo kwenye timu za vijana. Nathaniel Clyne alipoumia 2017, nafasi ya kulia nyuma ikabaki wazi, kijana akaingia. Msimu wa 2018/19 alitoa pasi za mabao 12 ligini, uliofuata 13, na yeye ni beki. Umeona tena? Mtu kaumia, mlango umefunguka. Swali la kumuuliza huyo mfupi wako ni moja, akifika pembeni mwa boksi ainua kichwa au apiga tu? Ukilipata jibu lake utanishukuru.

Hili la pesa la Mlinzi ni kweli tupu. Nimewahi kuona mchezaji akivalishwa kizibao cha kikosi cha kwanza huku kocha akitazama kwingine kabisa. Hao hupewa mechi tano, sita. Wasipofunga, hata mkubwa huchoka. Mshambuliaji wa namna hiyo mtaje ikiwa ratiba ya mwanzo ni nyepesi, la sivyo muache.

Kahawa_Chungu

Kwa hiyo fundi wa boti huuliza maswali haya haya. Nani kaondoka, nani kaumia, nani kalipiwa. Mmekuwa mkiliwa na mtu mwenye akili.

Shabiki_Mtongwe

Narudi na habari. Nimevuka na feri mapema, maji ya askari nimempa, nimeingia. Wamegawanywa kweli kama alivyosema Ami, kumi na moja kwa kumi na moja.

Mshambuliaji wa pesa yuko na vizibao vya njano, kikosi cha kwanza. Hilo Mlinzi kalipatia. Kakaa na mpira mgongoni mara kadhaa, mara moja tu kageuka nao.

Beki mfupi yuko na wa akiba. Nimeshangaa. Nafasi ya kulia nyuma kwenye njano nikadhani imepewa beki wa kati mmoja mzee, kumbe siyo. Aliyevaa ni winga wangu! Yule wa Serani. Kocha kamrudisha nyuma, na kila akipokonywa mpira kocha apaza sauti jina lake kabla hajainua mikono. Zamu ya pili hakuinua. Kwenye kona aliachwa nusu ya uwanja na beki mmoja wa kati.

Dakika ishirini za mwisho walibadilishana, mfupi akaja njano, winga akaondoka. Nimemtazama akivuliwa kizibao. Hakugusa kamba za viatu, alienda moja kwa moja kunywa maji akicheka na kipa.

Sasa nimechanganyikiwa upya.

Mwalimu_Tononoka

Hapo kocha kafanya kazi. Mtaje winga. Kuna kosa moja tu litakuja: mechi za mwanzo ataachia mgongo wazi na mtafungwa bao au mawili kupitia kwake. Tazama kama wiki inayofuata apangwa tena.

Ami_wa_Jezi

Mimi nilisema mfupi na sijabadili sana. Kocha akimjaribu mtu mahali pasipo pake wiki mbili kabla ya ligi, mara nyingi amtafutia mtu dakika 60, na mwengine amalizie 30. Gawanya 3,060 hivyo uone nani abaki na nini. Ila winga anayefika mstari wa mwisho akitokea nyuma, bila beki wa kumngoja, huyo ni hatari. Mchague kama kijiwe chenu kitakubali kumhesabia pasi za mabao na mechi bila kufungwa zote.

Shabiki_Mtongwe

Hapo ndipo penye ugomvi, Ami. Fundi wa boti asema kasajiliwa kama winga, kwa hivyo mechi bila kufungwa hazimhusu. Mimi nasema beki ni yule aliyecheza beki. Tumebishana mpaka kahawa ya watu ikaisha.

Kahawa_Chungu

Fundi wa boti kamtaja nani?

Shabiki_Mtongwe

Bado. Akuna kidevu tu. Tumekubaliana mechi bila kufungwa zihesabiwe alama moja badala ya mbili kwa siku atakazoanza nyuma. Nimemtaja winga, jina liko kwenye daftari la muuza mbaazi na nimelitia sahihi.