Mungu asiyepungukiwa na kitu, utukufu wetu ni wa nini?

Mkaazi wa Dunda
Tumsifu Yesu Kristo. Juzi jioni nilikuwa barazani na jirani yangu, mzee Mwislamu ambaye tumezikana na kuozeshana kwa miaka mingi hapa Bagamoyo, akaniuliza jambo lililonishinda papo hapo. Alisema: "Sisi tunaposema Allahu Akbar tunakiri kwamba Yeye ni mkubwa tayari. Ninyi kila Jumapili mnaimba kwamba mnampa Mungu utukufu. Mnampa nini ambacho hana?" Nilimsomea Zaburi ya 19, kwamba mbingu zauhubiri utukufu wa Mungu, naye akanijibu kwamba kama mbingu zinahubiri, basi kwaya zenu zipunguze spika. Naomba la spika tuliache, mnisaidie hilo la kwanza.

Katekista Mstaafu
Milele, amina. Ndugu yangu, kwanza tuweke sawa kwamba si kila Jumapili, kwa maana katika Majilio na Kwaresima wimbo wa "Utukufu" hauimbwi, na Mkristo anayetetea imani mbele ya jirani hana budi kujua hata hilo. Pili, neno la Kiebrania lililotafsiriwa "utukufu" ni kavod, ambalo asili yake ni uzito. Kumtukuza Mungu ni kuutambua uzito alio nao, kama vile mzani usivyoongeza hata chembe katika mchele unaopimwa. Maswali ya namna hii kwa kawaida huwatikisa wale waliofundishwa dini kwa wiki mbili ili wafunge ndoa.

Mkaazi wa Dunda
Mzee wangu, mimi nilibatizwa nikiwa mchanga na nilipata Kipaimara kabla sijaota ndevu, kwa hiyo hayo ya wiki mbili uwatafutie wenyewe. Mfano wako wa mzani ni mzuri, lakini mzani hauamriwi kupima. Sisi tumeamriwa. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba hata wakila au wakinywa, wafanye yote kwa utukufu wa Mungu. Mfalme anayeamuru watu wamsifu hata wakiwa mezani, huku uswahilini tungemwitaje?

Binti wa Nunge
Kaka, swali la jirani yako lingekuwa jepesi kama kweli utukufu huo tungekuwa tunampa Mungu. Ipo parokia ninayoifahamu, nisingependa kuitaja, ambayo imechangisha waumini kwa ajili ya marumaru ya altare, na kazi ilipokwisha ukuta mzima ukajaa vibao vya majina ya wafadhili, vingine vikiwa na herufi kubwa kuliko jina la mtakatifu msimamizi. Mungu alikwisha kusema kwa kinywa cha Isaya kwamba utukufu wake hatampa mwingine. Sisi tumempunguzia kabisa, tena kwa rangi ya dhahabu.

Mtoto wa Mvuvi
Hukuitaja, lakini wanaosali huko wote wameielewa. Dada, kibao cha tatu kutoka mlangoni kina jina la marehemu mama yangu, aliyekaanga pweza jioni kwa jioni hadi akatoa mifuko kumi ya saruji, wakati wengine walikuwa wanatoa maoni. Hakuomba aandikwe. Tuliomba sisi watoto wake. Kama jina ni wizi wa utukufu, anza kulifuta la Bezaleli, fundi wa hema takatifu katika kitabu cha Kutoka, ambaye Mungu mwenyewe alimtaja kwa jina na kwa jina la baba yake, kisha uende Nehemia sura ya 3, ambako wajenzi wa ukuta wa Yerusalemu wamepangwa mmoja mmoja pamoja na kipande alichojenga kila mmoja.

Binti wa Nunge
Nakupa pole kwa mama, na naapa sikumkusudia yeye. Hata hivyo, hoja yangu inasimama. Yule mwanamke wa Bethania alimpaka Yesu marhamu ya zaidi ya dinari mia tatu, ambayo ni karibu ujira wa kibarua wa mwaka mzima, na Yesu akaahidi kwamba tendo lake litasimuliwa duniani kote, lakini jina lake hatulijui hadi leo. Huo ndio utukufu wa Mungu, yaani tendo linabaki na mtendaji anajificha.

Katekista Mstaafu
Hatulijui? Binti yangu, hujafika Yohana sura ya 12. Marko na Mathayo hawakumtaja, lakini Yohana amemtaja, ni Mariamu dada yake Martha. Tena Yohana anatuambia ni nani aliyelalamika kwamba marhamu ile ingeuzwa wakapewa maskini. Alikuwa Yuda Iskariote.

Binti wa Nunge
Kwa hiyo sasa mimi ni Yuda. Nilizungumzia vibao, sikusema lolote kuhusu kuwapa maskini. Hilo umelitia kinywani mwangu wewe mwenyewe. Na kwa kuwa umenipeleka kwa Yohana, rudi nyuma hadi sura ya 5, aya ya 44, Yesu anapouliza wataaminije watu wanaopokeana utukufu wao kwa wao. Nimesali katika kanisa hilo miaka kumi na mmoja, na sijawahi kuitwa jina hilo.

Msafiri wa Mlingotini
Mnagombania vibao na Misheni yetu ya Bagamoyo iko palepale. Mapadre wa Roho Mtakatifu walisimamisha msalaba ufukweni mwaka 1868, na lile kanisa kubwa likajengwa mwaka huohuo na watumwa waliokombolewa. Ni nani hapa anayeweza kunitajia jina la mmoja wao? Lakini mnara unaitwa wa Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, mtu aliyeingizwa humo mwaka 1874 akiwa maiti, baada ya watumishi wake akina Chuma na Susi kumbeba kutoka bara kwa miezi. Waliobeba walikuwa hai, mnara akapewa maiti.

Mwalimu wa Kiromo
Hilo la mwisho nimelicheka, lakini tarehe umezichanganya. Mwaka 1868 ni wa kufika kwao na wa msalaba. Kanisa la kwanza, ambalo mnara huo ni wake, ni la 1872, na hilo kubwa lilijengwa kati ya 1910 na 1914, zama za Wajerumani.

Sasa niseme lililonileta. Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon katika karne ya 2, aliandika kwamba utukufu wa Mungu ni mwanadamu aliye hai. Mtumwa aliyekombolewa akapewa kiwanja, jembe na jina lake, alikuwa utukufu wa Mungu kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.

Katekista Mstaafu
Mwalimu, umeikata sentensi katikati kama wote wanavyoikata. Ireneo anaendelea kusema kwamba uhai wa mwanadamu ni kumwona Mungu. Bila nusu ya pili, nusu ya kwanza inageuka kuwa kibao kingine cha dhahabu, kilichoandikwa "mwanadamu".

Mwalimu wa Kiromo
Nakubali, na nashukuru. Kwa Mkaazi wa Dunda, ambaye tumemsahau, ningesema hivi: mfalme wake anayeamuru asifiwe hafanani na yule wa Injili ya Yohana, kwa sababu humo Yesu anaposema kwamba saa imefika atukuzwe, mara moja anaanza kueleza habari za chembe ya ngano inayoanguka katika nchi na kufa. Utukufu alioutaja ni msalaba. Anayetukuzwa ndiye anayetoa, nasi tunaposema "Atukuzwe Baba" tunashuhudia tulichopewa. Jirani aliuliza tunampa nini, hatumpi.

Mtoto wa Mvuvi
Mwalimu umesema vizuri, lakini kuhusu majina hukusema upo upande gani.

Mkaazi wa Dunda
Nimemsomea mzee maneno ya Katekista na ya Mwalimu jana baada ya Isha. Alisikiliza hadi mwisho, akasema la mzani amelipenda na angelichukua kama si la msalaba, kwa kuwa hapo tumetoka katika swali alilouliza tukaingia katika lile ambalo dini zetu hazijakubaliana tangu zikutane. Kisha akaagiza kahawa, akalipa yeye. Ameniomba niulize pia nani alishinda katika habari ya vibao.

Mtoto wa Mvuvi
Mwambie bado. Dada wa Nunge hajanijibu kuhusu Nehemia.