Hiace ya 2002 kuingia ukaguzi wa mwaka: breki za nyuma hazilingani, moshi mweusi

Mwenye_Hiace_Likoni
Wajuzi, salaam. Hiace ya abiria 14, mwaka 2002, injini ya dizeli aina ya 5L, inaingia ukaguzi wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani Kenya) baada ya wiki 3. Miaka yote imekuwa Mombasa. Kwenye roli za kupimia breki, gurudumu la nyuma kushoto linashika kidogo kuliko la kulia, na handibreki huvutwa mpaka juu kabisa ndipo ishike. Ukikanyaga mafuta inatoa moshi mweusi mzito; asubuhi mweupe kidogo, halafu unaisha. Chini kuna kutu karibu na mlango wa abiria. Nianze na lipi?

FundiDrami
Wa-alaikum salaam. Anza na breki, na usiiguse kebo ya handibreki kwanza. Kebo hukazwa mwisho. Ukiikaza sasa utazisukuma shuu (viatu vya breki) kwa nguvu ya kebo, ajasta inayoweka nafasi kati ya shuu na drami haitafanya kazi yake, na tatizo la kushoto litabaki pale pale.

Toa drami (ngoma za breki) zote mbili. Ikigoma kutoka, ingiza bolti 2 za M8 kwenye yale matundu yenye nyuzi, uzikaze kwa zamu. Usipige ukingo kwa nyundo, utaupasua.

Shuu za kushoto zikiwa zimelowa, paka kidole ule unyevu uunuse. Mafuta ya difu (gia za eksili ya nyuma) ni mazito na yananuka kiberiti. Mafuta ya breki ni mepesi na yanatoka ukiosha kwa maji. Hapo ndipo utajua unachotafuta.

Kama ni ya difu, sili ya eksili (mpira unaozuia mafuta yasitoke) imekufa. Lakini kabla ya kuweka mpya, angalia kipumulio kilicho juu ya nyumba ya difu. Matope na kutu hukiziba, difu ikipata joto hewa inakosa pa kutokea, basi inasukuma mafuta kupitia sili. Wengi hubadilisha sili, wanakiacha kipumulio, na baada ya muda mfupi shuu zimelowa tena.

Kama ni ya breki, inua ukingo wa mpira wa silinda ya gurudumu. Unyevu wa kupaka tu si neno, ila likidondoka tone, badilisha silinda za pande zote mbili. Shuu zilizokunywa mafuta hazioshwi kwa petroli: bitana, ile sehemu ya shuu inayosugua drami, ikipata joto huyatoa tena. Nunua seti nzima ya shuu 4. Pima pia drami, kipenyo cha mwisho kimeandikwa kwenye drami yenyewe.

Ukirudisha, kaza ajasta kupitia tundu la nyuma mpaka gurudumu lishike, kisha legeza taratibu mpaka lizunguke kwa mkono huku likisugua kidogo tu. Pande zote mbili ziwe sawa. Toa hewa ukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda (silinda kuu inayosukumwa na pedali). Lita 1 ya mafuta ya breki ya DOT 3 inatosha kubadilisha mafuta yote. Sasa ndipo ukaze kebo.

PampuNaNozeli
Kwenye moshi, nitaanza na la hatari. Kupima moshi wa dizeli, injini huzungushwa mpaka mwisho wa gavana (kizuia mizunguko cha pampu), tena mara kadhaa. 5L ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila km 100,000. Kama huna uhakika ulibadilishwa lini, ubadilishe kabla ya kwenda. Ukikatika pale, vali zinagonga pistoni, na bei ya mkanda ni ndogo sana ukilinganisha na silinda hedi.

Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Weka eya klina mpya, maana ya zamani ukiipuliza kwa kompresa inaonekana safi kumbe karatasi imeziba. Kisha peleka nozeli 4 zinazonyunyiza dizeli kwenye mashine ya kupimia: zinatakiwa kunyunyiza ukungu, zisidondoshe. Washa (pete) za chini yake ni za kutumika mara moja, nunua mpya. Ikibaki nyeusi baada ya hapo, kuna mtu aliikaza skrubu ya mafuta kwenye pampu ili gari lipate nguvu kwenye vilima. Hiyo irudishwe kwenye mashine ya pampu, si kwa kukisia.

Mweupe wa asubuhi, pima hita plagi (plagi zinazopasha injini kabla ya kuwaka). Isiyopitisha umeme kwenye mita imekufa.

Siku yenyewe, endesha angalau dakika 20 na uingie injini ikiwa moto. Injini baridi hutoa moshi hata ikiwa nzima.

Bodi_na_Taa
Kutu ya pwani usiifiche kwa rangi nyeusi ya chini. Gonga kwa mpini wa bisibisi: penye afya panalia, pabovu panatoa sauti ya boksi. Inua zulia uangalie bolti za mikanda na miguu ya viti, hapo ndipo hupuuzwa. Palipooza pakatwe, pachomelewe bati jipya.

Namba ya chesisi isafishe kwa kitambaa na mafuta ya taa. Grainda isiiguse kamwe, namba iliyokwaruzwa inaleta maswali makubwa.

Taa: egesha mbele ya ukuta, mita 5. Mstari wa juu wa mwanga wa dimu (taa za chini) uwe sentimita 5 chini ya usawa wa balbu, na upande unaopanda uwe kushoto. Balbu za LED kwenye taa ya H4 hutawanya mwanga, rudisha za kawaida.

Cheti cha spidi gavana (kidhibiti mwendo) kiwe hai, na mtungi wa moto, boksi la huduma ya kwanza na pembetatu viwe garini.

Mwenye_Hiace_Likoni
Shukrani sana. Nimefungua: kushoto kunanuka kiberiti, na kipumulio kimeziba kabisa. Swali moja: nyuma iliongezwa jani moja la springi. Lina uhusiano na breki?

FundiDrami
Lina uhusiano. Kuna vali inayopima mzigo kwa fimbo iliyounganishwa na eksili. Jani jipya limeinua bodi, vali inadhani gari ni tupu, inapunguza breki za nyuma zote mbili. Toa jani, au fimbo irekebishwe kwa geji ya presha. Angalia pia kama fimbo inacheza, huku kwetu hushikwa na kutu.