Upanga wa kuku una madoa meusi: ni baridi ya Kabale?

Mfugaji_Kigezi
Wakuu, salaam. Nina kuku 60 wa mayai hapa Kabale, Uganda. Baridi hii ya Juni, baadhi wametoka madoa meusi kwenye upanga wa kichwani na ndevu. Nasikia nchi za theluji baridi huozesha upanga. Nimeziba banda lote kwa kavera (plastiki) na usiku naweka sigiri (jiko la makaa) ndani. Nipake mafuta ya mgando?

Kuku_Mbarara
Ndugu, sigiri itoke leo hii. Banda likizibwa, hewa ya sumu ya makaa haionekani wala hainuki, na inaua. Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili hujipasha mwenyewe.

Upanga huganda hewa ikishuka chini ya nyuzi 0. Usiku wa Kabale ni kama nyuzi 10, kwa hiyo mimi nashuku ndui ya kuku. Pitisha kidole: ni vinundu vyenye ukoko mgumu, na ukibanduka panatoka damu? Ndui hiyo, huenezwa na mbu na vidonda vya kudonoana. Dawa ya kuua kirusi hakuna. Tenga wagonjwa, paka ayodini, na wasio na dalili wachanjwe kwenye utando wa bawa.

Lakini upanga mzima ukiwa wa zambarau, kuku anahema kwa shida au wanakufa ghafla, mwite daktari wa mifugo mara moja. Usichinje, usiuze.

MamaVifaranga
Naongeza la kavera, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Pumzi na kinyesi hutoa maji mengi. Mvuke ukikosa pa kutokea, maganda ya kahawa ya sakafuni yanalowa, gesi ya amonia inapanda, kuku wanaanza kukoroma. Hata kwenye theluji, unyevu ndio unaoharakisha upanga kuganda. Ziba upande wa upepo tu, mpaka juu kidogo ya wanapolala. Chini ya paa acha wazi sentimita 15 hadi 20, pande mbili. Maganda yawe makavu, kina cha sentimita 10. Ukifinya yakashikana, badilisha. Mti wa kulalia uwe bapa, ili manyoya ya tumbo yafunike vidole.

Mfugaji_Kigezi
Asante sana, ni ukoko kweli. Kavera ya juu naitoa. Na vifaranga wanaokuja wiki ijayo?

MamaVifaranga
Hao ndio wa kupashwa: nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha punguza 3 kila wiki. Chungu cha makaa kiwashwe nje mpaka moshi uishe, na juu pabaki wazi hata hivyo. Wakirundikana wana baridi. Wakikimbilia kuta midomo wazi, joto limezidi.