Breki za raba, diski ya waya au diski ya mafuta kwa baiskeli ya kwanza?

Mgeni_wa_Pedali
Wakuu, habari zenu. Natafuta baiskeli ya kwendea kazini. Ya mwisho niliipanda nikiwa mtoto, na breki yake ilikuwa soli ya kiatu changu. Ni kilomita saba kwenda na saba kurudi, lami kwa sehemu kubwa, vumbi kidogo, na mteremko mmoja mkali karibu na nyumbani. Nimebaki na tatu za kuchagua. Ya kwanza ina breki za raba zinazobana rimu, yaani ringi ya gurudumu, zile za mikono miwili mirefu zinazoitwa V. Ya pili inafanana nayo karibu kwa kila kitu ila ina diski mbele na nyuma, za kuvutwa kwa waya. Ya tatu ni ya mtumba, ina diski za mafuta, zinazosukumwa na mafuta ndani ya mpira badala ya waya. Muuzaji anadai raba zimepitwa na wakati. Ni kweli, au anataka tu kuniuzia ile ya pili?

Kilima_Hakinitishi
Chukua diski, usijiulize mara mbili. Siku ya mvua utanikumbuka. Raba ikilowa unabana halafu unasubiri: gurudumu lizunguke kwanza lijifute maji, ndipo breki ishike. Hapo mbele yako kuna gari limesimama. Diski iko katikati ya gurudumu, maji na tope la barabarani haviifikii kirahisi.

Raba_Zinatosha
Kilima, umesahau kumwambia kwamba rimu hazifanani. Rimu ya chuma yenye kromu ikilowa, sawa, utadhani waya umekatika. Ya alumini inashika hata mvua ikinyesha, inachelewa kidogo tu. Mgeni, nenda dukani na sumaku ndogo mfukoni. Ikinasa kwenye rimu, hiyo ni chuma, iache hapohapo hata kama rangi imekupendeza.

Fundi_Jioni
Mnashindanisha aina, na mimi mezani kwangu naona tofauti kubwa zaidi ndani ya aina moja.

Tuanze na diski ya waya ya baiskeli za bei ya chini, maana ndiyo inayouza kwa sura. Kalipa zake nyingi, yaani vile vifaa vinavyobana diski, zinasukuma pedi (kipande cha kusugua diski) ya upande mmoja tu. Ukivuta leva, pedi ya nje inaisukuma diski, diski inapinda kidogo mpaka ikutane na pedi ya ndani, ambayo haiendi popote. Pedi zikilika, ile ya ndani lazima uisogeze kwa skrubu yake. Watu hawaijui hiyo skrubu. Wanakaza waya, wanakaza tena, mwisho leva inagonga usukani na breki wanaitukana bure. Halafu kuna kava la waya: likiwa laini linabonyea, na nguvu ya vidole vyako inaishia humo kabla ya kufika kwenye gurudumu. Diski yenyewe inaweza kuwa nzuri kabisa, ila unachokipata ni kile kilichosalimika njiani.

V haina siri. Mikono mirefu ni wenzo unaoongeza nguvu ya vidole, raba zote mbili zinasogea pamoja, na ubovu wowote unauona ukiwa umesimama. Tatizo lake ni kwamba inakula rimu. Rimu nyingi za alumini zina mfereji mwembamba au kitobo kidogo pale raba inapogusa. Alama hiyo ikifutika, rimu imeisha. Usisubiri, kwa sababu ukuta uliokonda unaweza kupasuka kwa msukumo wa upepo wa tairi. Na rimu ikipinda kidogo kwenye shimo itakwaruza raba kila mzunguko. Hapo mwenye diski anakupita akipiga mluzi.

Diski ya mafuta nzima haina mpinzani: kidole kimoja kinatosha, na pedi zikilika pistoni zinasogea zenyewe. Ila ya mtumba ipime. Bana leva kwa nguvu na uishikilie nusu dakika. Ikizama taratibu, kuna panapovuja. Ikiwa laini kama sponji, kuna hewa ndani. Angalia na unyevunyevu kwenye maungio ya mpira. Uliza pia inatumia mafuta gani, ya madini au DOT (mafuta ya breki kama ya gari), kwa sababu hayo mawili hayachanganywi. Ukikosea, sili, zile raba za ndani za kuzuia kuvuja, zinaharibika.

Mama_Spoki
Mimi nina diski na nazipenda, lakini sikuambiwa kwamba zinaogopa mafuta kama paka anavyoogopa maji. Jioni moja nilipulizia mnyororo mafuta ya kopo bila kufunika diski ya nyuma. Asubuhi breki inalia mtaa mzima, na kusimama hakuna. Nikafuta diski kwa spiriti, nikapiga pedi msasa. Zikashika siku mbili, zikarudia kilio kilekile. Pedi ikishanyonya mafuta ndiyo basi tena, nilinunua mpya. Siku hizi hata kidole sigusishi pale.

Kilima_Hakinitishi
Fundi nimekuelewa, lakini mteremko wake mkali umeuruka. Ukibana raba mfululizo rimu inapata moto, na tairi liko palepale.

Fundi_Jioni
Kwa mteremko wa dakika nyingi ukiwa na mzigo, uko sahihi, mpe diski. Kwa kilima kimoja cha kurudia nyumbani, asibane moja kwa moja: abane, aachie, abane tena, mbele na nyuma.

Kanyaga_Nyuma
Mbona breki ya kukanyaga nyuma hamuitaji? Iko ndani ya haba, kile kitovu cha gurudumu, mvua haiijui, haina waya.

Raba_Zinatosha
Mnyororo ukichomoka kwenye mteremko utaitaja wewe mwenyewe, kwa sauti 😂

Mgeni_wa_Pedali
Nimecheka peke yangu. Swali moja: nikianza na V, naweza kufunga diski baadaye?

Fundi_Jioni
Angalia fremu na foki (panda inayoshika gurudumu la mbele) kama zina masikio ya kufungia kalipa, na haba kama ina mahali pa kushika diski, kwa kawaida matundu sita ya boliti. Bila hivyo utabadilisha foki na magurudumu, na nyuma bado fremu itakukatalia. Usinunue V kwa matumaini ya diski.

Na kabla ya kujaribu yoyote, uliza leva ipi ni ya mbele. Nchi kwa nchi zinatofautiana, kulia au kushoto, na ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi ya kukusimamisha. Ukiivuta ghafla ukidhani ni ya nyuma, utaiona lami kwa karibu.

Mgeni_wa_Pedali
Mrejesho, wakuu. Ile ya waya leva ilifika kwenye usukani. Kijana wa dukani akachukua spana, akakaza waya. Nikamuuliza habari za pedi ya ndani, akanitazama kama nimemtukana. Ya mtumba niliibana nusu dakika kama nilivyoelekezwa, ikazama mpaka vidole vikagusana na mpira wa usukani. Kwenye ile ya V sumaku ilidondoka chini, mfereji wa rimu unaonekana vizuri. Nimeichukua, leo siku ya nne. Shida ni moja tu: ya mbele inapiga kelele kila nikisimama, watu wanageuka.

Fundi_Jioni
Raba inagusa rimu yote kwa mpigo, ndiyo maana inatetemeka. Legeza nati ya raba. Weka kipande cha boksi gumu, unene kama milimita moja, kati ya rimu na ncha ya nyuma ya raba, ile iliyo upande wako ukiwa umekaa. Bana leva, kaza nati, toa kipande. Sasa ncha ya mbele itatangulia kugusa. Fanya na upande wa pili. Ukimaliza, hakikisha raba haigusi tairi hata kidogo, maana itatafuna ubavu wake mpaka utoboke.

Mgeni_wa_Pedali
Boksi la dawa ya meno limetosha. Kimya kabisa.